Binti Aliyesoma

Kiptanui alikuwa amemwomba bintiye msamaha mara elfu na zaidi, na kila mara alisamehewa. Alimwomba akichuma majani ya chai, alimwomba akikama ng'ombe, alimwomba hata kanisani mchungaji akihubiri. Cheptoo alilia kidogo, akamshika mkono, akasema, "Baba, hayo yalishapita." Tatizo lilikuwa moja tu. Cheptoo mwenyewe hakuwa na habari.

Yote hayo yalifanyika kichwani mwa Kiptanui, na kichwa hicho kilifanya kazi kuliko mikono yake. Kijiji kizima cha Kiptere kilimjua. Wenzake wakichuma majani mawili na kichipukizi, yeye alichuma chochote kilichomgusa, majani manne, matano, mpaka vijiti, kwa maana mwenyewe hakuwapo. Mkewe Rebeccah humwita mara tatu ndipo arudi. "Umetoka wapi, Baba Cheptoo?" humwuliza, naye hucheka. Zamani ulikuwa mzaha.

Mzaha uliisha Januari ya mwaka wa tisini na mbili. Cheptoo alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane, akaitwa shule ya bweni ya wasichana. Fomu ya kukubali nafasi ilitakiwa ipelekwe na mzazi, mwisho Ijumaa saa kumi. Siku hiyo Kiptanui aliitia mfukoni, akabeba gunia lake mpaka kituo cha kukusanyia majani, angoje lori la kiwanda. Dereva alikuwa amekubali kumpakia hadi karibu na shule. Lori lilikuwa bado, basi akaketi nyuma ya kibanda, juu ya gunia lake mwenyewe. Hata mtoto mdogo wa mkulima wa chai anajua kwamba gunia la majani halikaliwi, kwa sababu yakibanwa hupata joto yakaungua.

Hapo ndipo alipomwona Cheptoo amevaa joho jeusi. Alikuwa anahitimu udaktari. Kiptanui naye alikuwa ndani ya suti, ameitwa mbele atoe hotuba, na hotuba ilimnogea hata akairudia tangu mwanzo, akibadilisha neno hapa na neno pale. Lori likaja, likapakia magunia ya wengine, likaenda zake. Opiyo, karani wa majani, alimwita mara mbili, akaona macho yako wazi na midomo inacheza, akadhani mzee anasali.

"Mzee, inuka nione hii gunia," Opiyo alisema baadaye, akimtikisa bega. Aliingiza mkono ndani, akautoa haraka. "Hii majani imeungua. Imekuwa nyekundu yote. Na gari ilienda kitambo."

Kiptanui alikwenda mbio kwa miguu yake. Alifika saa kumi na moja na nusu, akakuta lango lina kufuli, na Jumatatu nafasi ilikuwa ya mtoto mwingine. Nyumbani alisema lori liliharibika njiani. Uongo huo haukumaliza wiki, maana kituo cha majani hakina siri, na muda si muda watu walikuwa wanamcheka mzee aliyesali juu ya gunia. Cheptoo hakuuliza kitu. Aliambiwa angoje mwaka ujao, akachukua kapu akaingia shambani, na miaka sita ikapita mwaka ujao haujafika.

Msamaha wa kichwani ulianza wakati huo. Mwanzoni ulimuuma Kiptanui, akatokwa na machozi ya kweli kati ya michai. Kisha ukaingia utamu. Jioni akimkuta binti anasugua vidole vilivyopasuka, alijisikia mwepesi, mtu aliyekwisha kutengeneza mambo yake. Mkono mtupu haulambwi, lakini yeye aliulamba wake akashiba.

Disemba ya tisini na saba wageni walitoka Mogogosiek kuja kwa koito, mazungumzo ya posa. Mwana wao Mathew, fundi wa mashine kiwandani, alikuwa amempenda Cheptoo. Wazee wa pande mbili waliketi, kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, kikazunguka. Kiptanui alikuwa ameifanya koito hii kichwani wiki nzima, na alijua hata mahali wageni watakapocheka.

Katika ukoo wao binti huitwa aulizwe kama anawajua wageni, kisha amtaje mzee atakayemsemea. Hilo la pili ni la kunogesha tu. Kila binti humtaja babake, watu wakapiga makofi.

Cheptoo aliingia akasimama karibu na mlango. Alisema wageni anawajua.

"Na nani atakusemea?" mzee mmoja akauliza. Kiptanui alikwisha kuanza kuinuka.

"Baba mdogo, Kipkurui."

Mzee aliuliza tena, akidhani msichana amekosea kwa hofu. Jina likawa lile lile. Kipkurui, mdogo wake Kiptanui, alitazama sakafu. Kiptanui alibaki nusu amesimama, nusu ameketi, aibu ikimchoma mpaka masikioni. Zaidi ya aibu, alishangaa, kwa kuwa yeye na mtoto huyu walishapatana. Walipatana lini? Alianza kuitafuta siku yenyewe. Ilikuwa shambani, au jikoni? Hakuipata hata moja. Ndipo alipojijua, mtu wa miaka hamsini na minne, mbele ya wageni. Hakuwahi kufungua mdomo.

Cheptoo alipotoka, alimfuata nyuma ya nyumba, kwenye banda la ndama.

"Cheptoo, mwanangu, nilikukosea. Ile siku ya fomu. Nisamehe."

Akangoja alie, amshike mkono. Huyu hakulia.

"Baba, nimengoja hiyo maneno miaka sita," alisema. "Kila jioni nikiweka kapu chini, naona midomo yako inacheza, nasema leo atasema. Halafu unaitisha chai." Alimsogelea hatua moja. "Nataka kuuliza kitu moja tu. Ile siku, ulikuwa unafikiria nini?"

Swali hilo Cheptoo wa kichwani hakuwahi kumwuliza. Kiptanui alisema kweli.

"Wewe. Nilikuona umevaa joho. Umekuwa daktari, na mimi natoa hotuba."

Cheptoo aliinua mikono akamwonyesha vidole, vyeusi kwa utomvu usiotoka kwa sabuni.

"Huyo alisoma," alisema. "Mimi nilichuma majani. Ukitaka binti wa kusemea, semea huyo."

Akarudi ndani.

Kiptanui alijua la kufanya. Aingie aketi hata pale mlangoni, asikilize nduguye akizungumza mahari, avumilie kutazamwa, mtoto aone kwamba babake yupo. Ni hilo tu. Alishika nguzo ya banda, akawaza atakavyoingia. Watu watanyamaza. Kipkurui atampisha. Cheptoo atainua macho aseme, "Baba, njoo ukae." Yeye atakataa kidogo, kwa heshima, kisha atasema machache. Hapana, ataanza na methali kwanza.

"Baba Cheptoo!" Rebeccah alikuwa amemwita mara tatu.

Ndama alikuwa amelala. Nyumba ilikuwa kimya, vikombe vimekwisha kuoshwa.

"Wageni wameenda," Rebeccah alisema. "Msichana alitoka mara mbili kukuangalia, uje uwaage. Akaona midomo yako inacheza." Alifuta mikono kwenye leso. "Akasema tusikuite."