Singo ya Ghaliya

Wiki ile nyumba yetu ya Kiponda ilinukia karafuu mpaka ngazini, na mimi kwa furaha nilikuwa nasahau hata kula. Mdogo wangu Ghaliya anaolewa Ijumaa, tena na Mundhir, mtu aliyempenda mwenyewe, si wa kutafutiwa na mashangazi.

Ila kulikuwa na viwiko vyake. Baba alipofariki mwaka juzi, ngozi ya Ghaliya ilitoka mabaka mekundu yenye magamba meupe. Daktari akasema ni soriasisi: haiambukizi wala si uchafu, lakini huzuni na wasiwasi huichochea. Na kweli, moyo wake ulipotulia, ngozi nayo ikatulia. Sasa mabaka yamerudi kwa nguvu, yameenea mikono mizima. Mundhir anajua na hajali. Asiyejua ni mama yake, Bi Salhiya wa Kiembe Samaki, ambaye watu walisema alishavunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu ya kikohozi cha mchumba.

"Afunike tu mpaka nikaha ipite," aliagiza shangazi yetu, Bi Rasha.

Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Nikaambiwa nikatwange singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugua bibi harusi.

Nikatwanga kwa hasira na furaha pamoja: karafuu, liwa, mawaridi makavu. Alhamisi alasiri chumba kilijaa wanawake, udi na vigelegele. Somo wa Ghaliya, yule mwanamke aliyemfunda mambo ya ndoa, alikuwa ameshakaa tayari kumsinga, na tulishapanga asiguse mikono. Ndipo Bi Salhiya akaingia, akakunja mikono ya nguo yake, akachota singo.

"Somo apumzike," akasema. "Mkwe wangu ntamsinga mwenyewe."

Shangazi akaanza kubabaika. Ghaliya akaniangalia, kisha akaivua kanga mabegani kwa mkono wake mwenyewe. Vigelegele vikakatika. Wanawake wawili waliokaa karibu wakavuta nguo zao.

"Nini hii, mwanangu?" Bi Salhiya akauliza.

"Soriasisi, mama. Haiambukizi. Ilinianza baba alipofariki."

"Baba yako kafariki mwaka juzi. Mbona mbichi hivi?"

"Huzidi nkiwa na hofu."

"Na wiki hii unaogopa nini? Mundhir?"

"Mundhir simwogopi." Ghaliya akamtazama usoni. "Nnakuogopa wewe."

Bi Salhiya alikitazama kile kiwiko, akavitazama viganja vyake vilivyojaa singo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka vilevile.

"Kumbe ugonjwa wenyewe ni mimi," akasema. Akaifuta singo yote mikononi. "Kulthum, hii karafuu itamwasha. Nletee mafuta ya nazi."

Nilishuka zile ngazi mbio, nusura nimwangushe mpishi wa biriani. Niliporudi na chupa, Bi Salhiya alimimina mafuta kiganjani, akakishika kiwiko cha mdogo wangu kwa mkono mtupu, mbele ya wote, hata wale waliovuta nguo zao. Akakipaka taratibu, bila haraka yoyote, kisha akahamia cha pili.

"Mie ndo nliyeichochea," akasema. "Basi acha niipoze mwenyewe."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Bi Rasha.