Vipande Ishirini vya Ijumaa

Nilikikuta kitabu cha baba yangu kwenye meza ya jikoni ya mama mkwe wangu kikiwa kimechinjwa. Sina neno jingine. Jalada lake la kijani lilikuwa upande mmoja, kurasa mia nane upande wa pili, na katikati kisu kile kile cha mkate alichotumia siku ya Krismasi. Verna mwenyewe alikuwa akipitisha sindano nene kwenye rundo dogo la karatasi.

"Kaa chini, Lorna," alisema bila kuinua kichwa. "Na ufunge mlango, joto linatoka."

Sikukaa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana wanangu watakuja kuyasoma haya. Baba alinisomea kitabu kile nikiwa na miaka tisa. Alama ya kikombe chake cha kahawa ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, na yeye alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

"Umemaliza?" Verna aliuliza.

"Bado."

"Endelea basi. Nashona huku nakusikiliza."

Kosa lilianza kwangu, ingawa siku ile usingenilazimisha kulikubali. Wendell, mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shuleni walimwita Konokono kwa jinsi alivyosoma, na alipofika darasa la nne alikuwa akitapika kila Jumatatu asubuhi. Nikamtoa, nikaanza kumfundisha nyumbani yeye na mdogo wake, Tess. Hapa Pennsylvania hilo linaruhusiwa, mradi kila Juni mkaguzi apitie faili la kazi za mtoto, aongee naye, na atie sahihi kwamba ameendelea. Mwaka uliotangulia mkaguzi wetu alitia sahihi kwa kusitasita. Mume wangu Garrett akasema safari hii sahihi isipopatikana, mtoto arudi shule. Wendell alimsikia, na jioni ile hakula.

Mtu mwenye akili angempa vitabu vyembamba. Mimi nilikuwa nimetoka kukaa na akina mama wenzangu wanaofundisha nyumbani, tunaokutana Jumatano kwenye chumba cha chini cha kanisa, na mmoja wao alikuwa amejisifu kuhusu binti yake mpaka nikavimba kichwa. Nikatangaza kwamba wanangu watasoma riwaya nzima ya Uingereza ya enzi za Malkia Viktoria. Nilirudi nyumbani nikaiandika kwenye orodha ya vitabu vilivyosomwa, kwa wino, mwezi Septemba, kabla hatujaifungua.

Halafu nikafanya yote tunayoyafanya sisi. Niliandaa chai ya enzi zile: nikatandika kitambaa cha lesi, nikakata mikate midogo ya matango, nikamvisha Wendell kofia ndefu ya karatasi nyeusi, nikapiga picha. Tulichora ramani ya mitaa yenye ukungu. Faili lilipendeza mno. Kusoma tu ndiko hakukufanyika. Kufikia Krismasi Wendell alikuwa ukurasa wa thelathini na moja, na kitabu kikapotea.

"Kiko kwenye pipa la chakula cha kuku," Tess alisema siku ya Krismasi mezani kwa Verna, mdomo umejaa viazi. "Kiko chini kabisa."

Nilicheka kwa aibu mbele ya mama mkwe. Ili nionekane najua kitu, nikamweleza Verna kwamba enzi zile riwaya nyingi zilitoka vipande vipande, kila mwezi kipande, na watu walisubiri kwa hamu.

"Kumbe," alisema Verna. "Sasa wewe mtoto unampa gunia zima la nini?"

Akaomba akiangalie. Tulipokifukua nikampa, nikidhani anataka kutazama picha.

Siku ile ya kisu niliondoka nikibamiza mlango. Ijumaa iliyofuata bahasha ya kahawia ikaja kwenye sanduku letu la barua, imeandikwa jina la Wendell kwa herufi kubwa, ina stempu na muhuri. Verna alikuwa mpeleka barua wa vijijini miaka ishirini na tisa. Anakaa maili sita kutoka kwetu na angeweza kuileta mwenyewe, lakini aliipitisha posta.

Wendell aliipima kwa vidole. Kurasa arobaini, zimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Ndiyo yote hii?"

"Ndiyo yote," nilisema. Bado nilikuwa na hasira.

Akaenda nayo kwenye ngazi ya nyuma, Tess akamfuata kama mkia, kwa sababu yeye hajui kusoma na anataka kujua kila kitu. Ilimchukua Wendell siku tano. Siku ya tano alikuja jikoni uso umemwiva.

"Mama, gari la farasi limefika katikati ya daraja, daraja linakatika, halafu basi."

"Basi nini?"

"Karatasi zimeisha. Bibi amekata hapo hapo."

"Bibi mbaya," Tess alisema.

Kuanzia hapo Ijumaa ikawa sikukuu kwetu. Wendell alisimama barabarani kwenye theluji kumsubiri mpeleka barua. Desturi yetu ni kwamba mtoto akishasoma anasimulia alichosoma bila kuchungulia kitabu, na kwa mwaka mzima usimulizi wake ulikuwa sentensi mbili. Sasa nilikuwa namwambia anyamaze ale. Ndani ya riwaya kuna mjane wa mtengeneza saa, na kuna wakili anayetembea na sanduku la bati ambalo kila mtu analiogopa. Tess aliligeuza beseni letu la kuoshea vyombo kuwa sanduku la wakili na akakataa kulirudisha.

Ila vipande vilichelewa. Kimoja kilikuja Jumatatu, kingine Jumatano. Nikapiga simu.

"Mama, watoto wanasubiri."

"Ni posta," alisema Verna.

Mtu aliyeitumikia posta maisha yake yote anaisingizia posta. Nilimwambia Garrett mama yake anazeeka. Mei ikaisha tuko kipande cha kumi na saba, na mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi ya pili ya Juni. Jumatano, siku moja kabla, vipande kumi na tisa vilikuwa kwenye rafu na cha ishirini hakikuwepo.

"Nikifuate leo," nilimwambia Verna kwenye simu.

"Hapana. Kitakuja kikiwa tayari."

"Kinatayarishwaje? Si ni karatasi tu?"

Akakata simu. Niseme ukweli, nilimchukia usiku mzima.

Bi Plumley, mkaguzi, ni mwalimu mstaafu anayekunywa chai bila sukari na hasemi neno la bure. Alifungua faili, akatazama picha za lesi na matango, akafunua mbele. Akapitisha kidole kwenye orodha.

"Wendell, naona ulimaliza riwaya kubwa. Mwisho wake uliuonaje?"

"Sijui," Wendell alisema. "Haujafika."

"Haujafika?"

"Mama alikiandika Septemba," Tess alieleza kwa ukarimu. "Hata hatujakifungua."

Nilimwona Wendell akinitazama, na ule uso wa Jumatatu asubuhi ukaanza kumrudia. Nikachukua kalamu, nikakata jina la kitabu mbele yao wote.

"Ni kweli," nilisema. "Ni majivuno yangu, Bi Plumley. Mtoto hahusiki."

Bi Plumley alifunga faili na kulisogeza pembeni. "Basi tuliache hili. Wendell, nisimulie ulipofika."

Alianza akiangalia meza. Alipofika kwenye daraja akainua kichwa. Alimwigiza wakili kwa sauti ya puani, akatetea kwa nini mjane alidanganya mahakamani, akarudi nyuma kusahihisha jambo alilolisahau. Zikapita dakika arobaini na chai ya mkaguzi ikapoa.

"Na ndani ya sanduku kuna nini?" Bi Plumley aliuliza.

"Nadhani hamna kitu. Nadhani miaka yote amewatisha watu kwa sanduku tupu."

Bi Plumley alitia sahihi bila kusitasita. "Kipande kikifika, andika tarehe," aliniambia. "Na mnipigie simu. Siwezi kukaa hivi."

Tuliingia garini dakika ile ile. Wendell alitangulia kuingia kwa bibi yake, nami nyuma yake nikiwa na la kumwambia.

Verna alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na kipande cha ishirini kimefunguliwa ukurasa wa kumi na tatu. Mkono mmoja ulishika lenzi, mwingine rula chini ya mstari, na midomo yake ilikuwa ikitembea.

"Nilikwambia kitakuja kikiwa tayari," alisema.

Nilichukua muda kuelewa. "Mama. Ulikuwa unavisoma vyote?"

"Nimpelekee mtoto kitu nisichokijua?" Aliweka lenzi chini. "Anwani nilikuwa naziweza, ni mistari mitatu. Kitabu kizima hakijawahi kunikubali. Nikikiona unene wake tu nachoka. Tess aliposema chakula cha kuku, nikamjua mwenzangu. Mimi changu nilikizika kwenye rundo la makaa ya mawe, mama yangu akakitafuta mpaka theluji ikayeyuka."

Miaka kumi na minne nimekuwa mke wa mwanawe, na sikuwa najua. Nilimwambia asante. Nilimshukuru kwa kisu, kwa uzi mwekundu, kwa kila kipande kilichochelewa nikamsema vibaya, na sikuona aibu kulia mbele yake.

"Usinilowanishie karatasi," alisema. "Kuna pirogi za viazi kwenye kikaango, zigeuze kabla hazijaungua."

Wendell alikuwa ameshavuta kiti. "Bibi, nimepita."

"Najua. Umekuja unakimbia."

"Umefika wapi?"

"Wakili kashika ufunguo."

"Usiniambie."

"Nikwambie nini, na mwenyewe sijui?"

"Basi tuanzie hapo. Ukurasa wewe, ukurasa mimi."

Verna alinitazama, kisha akamtazama mjukuu wake, akarudisha rula chini ya mstari. Alikwama kwenye neno la nne. Wendell alikuwa ameliona na hakulisema. Aliweka mikono mapajani, akamngoja bibi yake mpaka alipolipata mwenyewe.