Meno Hayajui Mkwe

Casimir alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia, na kwa vidole hivyo vitatu alimfundisha Bonaventure kazi. Hakueleza viwili vilikwenda wapi. Bonaventure, aliyeacha shamba la mihogo Kilembwe ili awe fundi, hakuthubutu kuuliza. Kila asubuhi alivitazama vidole vyake mwenyewe, vyote vizima, na hofu ikamwingia upya.

Mwaka ule wa 1956 karakana ya boti pale mjini Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa imepata fraiseuse, mashini yenye gurudumu la meno linalokula chuma. Chuma unakibana mezani. Mkono wa kushoto unazungusha usukani mdogo, nacho kinasogea kwenye meno polepole. Mkono wa kulia unapaka mafuta kwa burashi. Kazi rahisi, kwa anayetazama.

"Burashi ipite huku meno yanatokea," Casimir alisema. "Isipite huku yanaingilia, itavutwa na mukono pamoja. Na macho yabakie hapa. Mutu akikuita, usigeuke. Hata kama ni padri."

"Na kama ni mama mukwe?" Bonaventure alitania, maana alikuwa amemuoa Dorothée juzijuzi.

Casimir hakucheka. "Mashini haijue mukwe," alisema, akaendelea kuufuta ule mkono wake ambao haukuwa na mafuta.

Kwao Bonaventure mama mkwe hakutazamwa usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini. Akifika uani unampa mgongo mpaka apite. Kumgusa, hilo hata halikusemwa. Heshima si utumwa, watu husema. Labda hawajasimama mbele ya meno yale.

Ijumaa moja Casimir alimwachia mashini, akasimama kando. Chuma kilikuwa kinakwenda vizuri, naye Bonaventure akaanza kujiona fundi. Ndipo Pulchérie, mama yake Dorothée, aliposhuka kutoka Fizi na kikapu cha muhogo, akasimama mlangoni na kupiga hodi.

Sauti ile aliijua. Mwili ukatii kabla ya akili: akageuza uso ukutani.

Burashi ikahamia upande wa kuingilia. Meno yakaidaka, yakaivuta, na vidole vikafuata.

Casimir alizima mota. Kikapu kilikuwa kimeshaanguka. Pulchérie aliingia moja kwa moja, akavua kitenge alichojitanda, akaufunga mkono ule na kuukumbatia kifuani huku damu ikimlowesha. Bonaventure bado aliukaza uso ukutani, kwa heshima.

Yule mama akamshika kidevu, akamgeuza.

"Uniangalie, mutoto wangu," alisema. "Uniangalie mi. Usiangalie mukono."

Akamwangalia. Alikuwa na macho ya Dorothée, na Bonaventure hakuwahi kulijua hilo.