Ndege wa Sabina

Paskazia alikuwa na mkasi mdogo wa kufumulia, na akina mama wa jumuiya waliuogopa kuliko sindano ya hospitali. Kila Jumamosi walikutana kwenye baraza lake pale Butimba, kila mmoja na kiraka alichodarizi nyumbani, naye akakikagua kwenye mwanga. Blanketi hilo la viraka lilikuwa la kituo cha watoto yatima kule Igoma, lakini ungemsikia Paskazia ungedhani linapelekwa ikulu. Sharti lake lilikuwa moja. Kila mshono wa msalaba una uzi wa chini na uzi wa juu zinazokatizana, na ule wa juu lazima ulalie kulia katika viraka vyote, la sivyo rangi hazing'ai sawa. Kilicholalia kushoto kilifumuliwa hapo hapo, mwenyewe akitazama.

Dorcas, ambaye wenzake walimwita Mama Obedi, alilijua sharti hilo vizuri, ndiyo maana kiraka alichokuwa nacho nyumbani kwake Mkolani kilimkosesha usingizi.

Hakikuwa chake. Kilikuwa cha mdogo wake, Sabina, aliyefariki kabla ya Pasaka akiwa amekifikisha nusu: ndege wawili wa bluu wanaotazamana, mmoja kamili, wa pili kichwa na shingo tu. Na Sabina alikuwa wa mashoto. Misalaba yake yote, tangu utoto, ililalia kushoto.

Walijifunza kudarizi wakiwa wasichana, ziwani, wakilinda dagaa wa mama yao walioanikwa juu ya mawe. Sindano mkono mmoja, fimbo ya kufukuzia ndege mkono wa pili. Basi foronya zao zote zilinuka dagaa. Hata ile aliyoolewa nayo Dorcas, marehemu mumewe aliilalamikia mwezi mzima, halafu akaizoea, na ilipochakaa akaiulizia. Sabina alikuwa akimfukuza ndege kwa matusi yote aliyoyajua, kisha anarudi kuketi na kumdarizi huyo huyo. "Dada, huyu wangu hali dagaa," alikuwa akisema, akikiinua kitambaa. Upande wa nyuma ulikuwa vifundo vitupu, nyuzi zimepandana ovyo. Akigombezwa, alijibu, "Nyuma nani anaangalia?"

Dorcas alikumbuka hayo akiwa na kitambaa mapajani. Kama angemalizia kwa mshono wake, Paskazia angefumua nusu ya Sabina. Kama angetaka kiraka kipokelewe bila maneno, ilibidi aifumue mwenyewe. Alichukua mkasi, akakata uzi mmoja. Mkono ukagoma.

Ndipo akaanzia pale shingoni na kushona kinyume. Uzi aliozoea kuutanguliza akaufanya wa mwisho, msalaba baada ya msalaba, akikosea, akifumua, akijisonya. Alipofika kwenye bawa, mkono ulikuwa umekubali, naye akajikuta anacheka peke yake sebuleni kama mtu aliyeketi na mwenzake.

Jumamosi Paskazia alikishika kiraka, akavaa miwani.

"Mama Obedi, hiki kimelalia kushoto."

"Najua."

"Chote!"

"Ni cha Sabina."

Paskazia alikisogeza karibu na macho. "Lakini Sabina alikiacha nusu. Nilimwona nacho mimi mwenyewe."

"Iliyobaki nimemalizia mimi. Nimeshona kama yeye."

"Kwa hiyo aliishia wapi?"

Dorcas akanyoosha kidole amwonyeshe. Kidole kilienda shingoni, kikashuka hadi kwenye bawa, kikapanda tena. Hakuuona msalaba wa mwisho wa Sabina. Ndege huyo wa pili alikuwa mzima, kana kwamba ameshonwa na mkono mmoja. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, kwamba alitaka kumhifadhi mdogo wake na badala yake amemfuta kabisa.

"Hata mimi sipaoni," alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Paskazia alikigeuza kitambaa. Upande wa nyuma, mpaka shingoni, kulikuwa na vifundo na nyuzi zilizopandana ovyo. Kuanzia hapo, mistari safi iliyonyooka.

"Huyu hapa," alisema. "Mchafu vile vile!"

Wakacheka wote, Dorcas naye, machozi yakiwa bado mashavuni. Paskazia akautia mkasi wake mfukoni. "Kikae katikati. Atakayeuliza kwa nini hiki kinang'aa tofauti, mleteni kwangu."

Viraka vilipokwisha kuunganishwa, kilibaki kitambaa cha bitana, kile cha kufunika upande wa nyuma wote. Walipofika katikati, Paskazia alimwachia Dorcas sindano. "Hapa shona wewe."

Dorcas alivipapasa vifundo vya mdogo wake kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Upande aliodarizi yeye mwenyewe kulikuwa na ncha ya uzi wa bluu aliyokuwa ameificha kwa ustadi chini ya mishono. Akaichomoa, akaifunga kifundo kikubwa, kibaya kuliko vyote, kikagusana na cha Sabina. Kisha akafunika.