Kashanyamaza, Nishazika

Redio ya Pazi ilikuwa inalia. Sio kulia nyimbo, hapana. Inalia mmmmm, kama nyuki wamefungiwa kwenye debe, na ukiweka santuri, mwimbaji anaimbia humohumo ndani ya nyuki. Redio kubwa ya kabati, ya umeme, mtaa mzima pale Mwananyamala hakuna mwingine mwenye nayo. Mtu katoa jasho kiwandani kainunua, halafu inamzomea.

Jamali, mdogo wake Mauwa mke wa Pazi, ndiye aliyejitia fundi. Shule kaiacha darasa la tano, kazi yake kukaa barazani na kufungua redio za watu. Na mwaka ule ulikuwa mbaya kwa vijana. Ukikutwa huna kazi inayoonekana, unaitwa mzururaji, unapandishwa lori, safari ya Rufiji kulima pamba kijiji cha ujamaa. Pazi hakumficha.

"Ikinyamaza kabla ya arubaini ya mwanangu, namwambia balozi wa nyumba kumi wewe fundi. Isiponyamaza, lori likija nakubebea godoro mwenyewe."

"Shemeji, mie jembe siliwezi."

"Na ufundi je? Hatujauona."

Arubaini yenyewe ya uzazi, Jumamosi. Na mtoto naye alikuwa analia, tumbo, kutwa kucha. Nyumba moja, walizi wawili. Majirani walichoka mpaka salamu zikabadilika. Ukitoka nje asubuhi unaulizwa, "Bado analia?" Na Jamali akiulizwa anajibu ya redio, kwake ile ishakuwa mtu.

Jamali kabadilisha kapasita, mvumo uko palepale. Kageuza plagi, umepungua kidogo tu. Kaipiga kofi, ikazidi. Ijumaa asubuhi Pazi yuko kiwandani, Mauwa nyuma yake kampeleka mtoto hospitali bila jirani kujua, Jamali kabaki peke yake na adui yake. Mkono ukateleza ukashika bati la mashine. Ukamuuma kama siafu, na hapohapo mvumo ukakatika. Kaachia, mmmmm. Kashika, kimya.

"Alaa! Kumbe unataka ardhi wewe!"

Nyumba ile haikuwa na ethi, ule waya unaoteremsha chini umeme uliopotea njia. Basi katafuta chuma kirefu kama mkono, kakifunga waya, kakizungushia mkaa na chumvi ili udongo ukae na unyevu. Visimwagike, kavifunga kwenye kipande cha marikani nyeupe. Kakabeba kale kafurushi kwa mikono miwili, polepole, kasije kakapasuka. Nyuma ya jiko kachimba, kalaza, kafukia, kafanya tuta juu, kamwagia maji. Karudi ndani, kaunga waya, kawasha.

Kimya. Kimya cha kweli. Jamali alitaka kulia kwa furaha.

Mwanakombo, jirani, alikuwa kasimama uani kwake, macho yametoka.

"Jamali, mbona leo kimya? Halii?"

"Shikamoo, mama. Kashanyamaza! Nishazika."

"Umezika?"

"Asubuhi hii. Si umeniona?"

"Peke yako?"

"Sasa mama, kazi ndogo kama ile ya watu wangapi?"

Mwanakombo alishika kichwa. "Na Mauwa anajua?"

"Hajui. Nataka akirudi ashtuke."

"Pazi je?"

"Si ndiye aliyetaka! Kasema mpaka kesho awe kanyamaza."

Mama wa watu kaondoka mbio kuita watu. Jamali kaingia zake ndani, kaweka santuri ya dansi, kafungulia mpaka mwisho.

Hakusikia kitu mpaka santuri zote zilipokwisha. Ndipo akasikia vilio. Kutoka nje, akakuta ua umejaa. Wanawake kanga vichwani, wanaume wanatandika mkeka, balozi wa nyumba kumi, Mzee Kondo, kashika kofia yake. Na Pazi anashushwa kwenye baiskeli ya mtu, nguo za kiwandani mwilini, analia kama mtoto.

"Mwanangu! Mwanangu jamani!"

Jamali kajua moja tu. Mtoto kafia hospitali! Kaanguka palepale kwenye vumbi, akalia kuliko wote.

"Mtazameni muuaji anavyolia!" Mwanakombo akapiga kelele.

Pazi kamkwida shati, kamnyanyua. "Umemzika bila mie? Bila sala? Halafu unapiga dansi!"

"Nani? Nimemzika nani, shemeji?"

"Furushi jeupe," Mwanakombo akasema. "Kwa macho yangu haya. Lile pale tuta, bado bichi."

Jamali katazama tuta.

"Kuna nini hapa? Nani kafa?"

Mauwa. Kasimama mlangoni mwa ua, mtoto kifuani. Kaona mkeka, kaona watu, kapiga ukelele, na mtoto akaamka akaanza kulia. Kilio kilekile cha tumbo. Watu wakarudi nyuma. Mwanakombo akapiga shahada. Mwanamke mmoja alikimbia hata kiatu hakukifuata.

Mzee Kondo ndiye aliyepata sauti. "Sasa… pale kalala nani?"

Hakuna aliyesogea. Jamali mwenyewe ndiye aliyeenda, kashika waya, kavuta kwa nguvu. Kitu cheupe kikachomoka udongoni, watu "Yarabi!" Kitambaa kikapasuka, ukamwagika mkaa na chumvi.

Na ndani ya nyumba: mmmmmm.

Mtoto analia nje, redio inalia ndani. Pazi kamkodolea Jamali macho kwanza, halafu kaangalia mlango, halafu mkaa.

"Kirudishe," akasema.

Walizika tena, wawili, Pazi anafukia kwa viganja. Chuma kilipokaa chini, mvumo ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Pazi hakuinuka. Kamwita Mauwa, kashika unyayo wa mtoto, kaushikilia tu.

"Balozi," akasema bila kugeuka, "huyu fundi."

"Nimesikia," akasema Mzee Kondo. "Lori apande mwingine." Akaivaa kofia, ikakaa upande. "Kijana, jioni pita kwangu. Na kwangu kuna mmoja analia."

Jamali kapangusa udongo mikononi.

"Analia au inalia, mzee? Sema vizuri. Leo sichimbi tena bila kujua."