Jina la Siku ya Tatu

Kikohozi kilianza Jumatatu saa nne asubuhi, nikichagua ndengu mezani. Kilitoka sebuleni. Naishi peke yangu, na sebuleni hakukuwa na mtu, ila harufu ya ugoro ilikuwa imejaa hadi kwenye mapazia. Niliogopa, na niliogopa zaidi kwa sababu nilikijua kikohozi chenyewe. Kilikuwa cha Kamanthe, bibi kizee wa kijiji cha Mutituni, aliyekufa miaka karibu thelathini iliyopita.

Mimi ni Profesa Peris Ndeti. Maisha yangu yote nimesomea makabila na mila, nikalipwa mshahara kuwaambia watu wao ni nani. Msicheke, ilikuwa kazi ya heshima.

Mchana huo akaja Farhia, binti wa Abdihakim, muuza ng'ombe wa hapa mjini Machakos. Alishika nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu changu, umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Prof, niko na barua ya chuo cha uuguzi," alisema. "Wanataka kitambulisho kabla ya Ijumaa. Wazee wa kamati ya kuhakiki uraia wamenipiga msasa, halafu wakanionyesha hii. Wanasema ni wewe uliandika sisi ni wapita njia."

Niliandika hivi: Wasomali wa mjini hawana jina katika ukoo wowote wa hapa. Sentensi fupi, safi. Ndiyo iliyonipa uprofesa.

"Nyanya yako alizaliwa wapi?" niliuliza, na jibu nilikuwa nalo.

"Mutituni. Lakini hakuna karatasi. Prof, mimi sijui kwingine. Hata Kisomali naongea vibaya, shangazi zangu wananicheka."

Nilimwambia nitaangalia. Hivyo ndivyo wasomi husema wakitaka mtu aondoke.

Alipoondoka nilishusha sanduku la kaseti kutoka juu ya kabati. Zilikuwa arobaini na moja, za mwaka wa themanini na nane. Niliweka ya Kamanthe kwenye redio ya zamani, na sauti yake ikatoka kavu, na kikohozi chake. Alisimulia habari za Hafso, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyeshikwa na uchungu njiani na kujifungua mtoto wa kike nyumbani kwa Kamanthe, mumewe akiwa mbali na mifugo. Mtoto huyo ndiye nyanya yake Farhia.

Kwetu Ukambani, zamani, mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo hakuhesabiwa kuwa mtu. Alikuwa bado wa aimu, mizimu, na wangeweza kumchukua wakati wowote. Aliyepewa jina na mwenye nyumba alikuwa wa nyumba hiyo.

"Siku ya tatu ikafika," Kamanthe alisema kwenye kaseti, "na baba yake hajarudi. Binti, mwiitu wa Ndeti, ningewaachia aimu mtoto wa watu? Nikamshika mbele ya wake wenzangu, nikampa jina la mama yangu. Nikamwita..."

Kaseti ikalia tak. Kimya.

Ni mimi niliyezima mashine siku ile ya kurekodi. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, sura nzima ya kitabu imeshaandikwa kuthibitisha kwamba ukoo ni damu, na huyu kizee ananivurugia. Nilimwambia betri zinaisha. Betri zilikuwa mpya. Alinitazama, akavuta ugoro, akalitaja jina hata hivyo, polepole, kama mtu anayempa mgeni kitu cha kushika. Sikuliandika.

Basi ushahidi haupo. Waliolisikia jina lile wamekufa wote isipokuwa mimi, na nikinyamaza hakuna wa kunigusa. Usiku na mchana hadi Jumatano nilijiambia hivyo, na kila nilipojiambia, sebuleni mtu alikohoa.

Jumatano kamati iliketi katika ukumbi wa kanisa. Kitabu changu kilikuwa mezani mbele ya mwenyekiti, Mzee Muli. Farhia alikaa mbele, mikono magotini. Baba yake alisimama nyuma karibu na mlango. Niliwachezea kaseti hadi ile tak.

"Profesa, hapa hakuna jina," Muli alisema. "Na kitabu chako kinasema jina halipo. Sasa tuamini gani?"

"Kitabu kinadanganya."

"Nani alizima hii kitu?"

Ukumbi ulinuka ugoro. Sijui kama wengine walinusa.

"Mimi. Nilimziba mama wa watu mdomo kwa sababu maneno yake hayakuingia kwenye kitabu changu. Nimeona haya tangu siku ile, na sikusema. Yule mtoto aliitwa Kasyoki."

Kiti kilianguka nyuma. Abdihakim alikuwa amekishikilia, sasa amekiachia.

"Mama yangu tulimjua kwa jina la Waris," alisema. "Siku ya mwisho alikuwa anaitika tu. 'Naam, nakuja.' Tukamuuliza ni nani anakuita. Akasema, kuna mtu ananiita kwa jina la Kasyoki. Sisi tukafikiria ni homa."

 Muli alivua miwani, akaandika jina hilo kwenye fomu, akagonga muhuri. Kitabu changu akakisukuma pembeni bila kukifunga.

Nje, Farhia alinishika mkono. Nilitarajia asante, nakiri, maana nilikuwa nimelipa kwa jina langu lote. Alikuwa akilia.

"Prof, hizo kaseti ziko ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Na hizo zingine ulizima wapi?"

 Nilitembea hadi nyumbani nikijaribu kukumbuka, na nilikumbuka vidole vyangu tu juu ya kile kitufe. Nilipofungua mlango nilisikia vikohozi, na havikuwa vya mtu mmoja.