Kibati Namba 214

Siku hizi karakana ya meli alikofanya kazi baba inaitwa makazi ya kisasa. Pale walipochomelea mabamba ya chuma watu wanakunywa kahawa, na kreni imepakwa rangi ya waridi ili ipigwe picha. Mimi nadeki ukumbi wa mapokezi. Sisemi ni pabaya, pananukia. Ila nikipita, wakazi huinua miguu bila kuniangalia, utadhani dekio linajiendea lenyewe.

Ukutani wameutundika ule ubao wa getini. Una safu mbili za misumari: NDANI na NJE. Zamani kila fundi alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Akiingia anakitundika NDANI, akitoka, NJE. Jioni msimamizi aliutazama ubao, na kikibaki kibati kimoja NDANI, haondoki mtu mpaka mwenyewe apatikane.

Baba aliteleza jukwaani akaanguka majini nikiwa na miaka tisa. Walimtafuta siku kumi na moja, wapi. Msimamizi akamwambia mama, "Shemeji, kibati chake hakiguswi. Zamu hatujaifunga." Karakana ikafa, sisi tukahamishiwa nyumba za mbali, kibati kikabaki NDANI. Kila mwezi mama alikuja kuchungulia dirisha la kibanda cha geti, ulimobaki ubao. Akikiona, anarudi roho imetulia.

"Bado wanamtafuta baba yako," aliniambia. Mwishowe niliacha kubisha.

Mwezi uliopita mpambaji wa ukumbi alinipa dawa ya kung'arishia shaba na picha ya kufuatisha. Vibati vyote vikae upande mmoja, NJE, eti ndivyo vinavyopendeza. Nilipofika 214, cha baba, mkono uliniwia mzito. Nikajikaza kisabuni. Nikajiambia miaka ishirini na sita inatosha, mama naye apumzike. Nikakihamisha, nikashika kinachofuata.

Mabati ya ujenzi yalikuwa yamemzuia mama miaka miwili. Yameondolewa, na jana akaja, kavaa viatu vyake vya kutokea. Mlinzi akataka kumrudisha.

"Mwache," nikasema. "Ni mama yangu."

Akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Alipapasa misumari ya NDANI mmoja mmoja, yote mitupu. Kisha akakiona upande wa pili, kinang'aa.

"Nani kamtoa?"

"Mimi, mama."

Nilitegemea anitukane. Ingekuwa nafuu. Aliniangalia tu, akauliza taratibu:

"Kwa hiyo ulimwona akitoka, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Akakirudisha NDANI. Kisha akakaa kwenye sofa la wakazi, mkoba mapajani. Mlinzi akaja kuniuliza bibi yule anamngoja nani.

"Baba," nikamjibu. Nikaegemeza dekio ukutani, nikakaa karibu na mama.